Somo: Simu ya video inapiga vizuri lakini haipigiwi. Tatizo ni ruta, na hivi ndivyo linavyotatuliwa

Una kifaa cha simu ya video nyumbani. Ukipiga wewe, simu inatoka, picha ni safi, mnaongea hadi mnamaliza. Mtu akikupigia, yeye anaona inaita tu au anaambiwa hupatikani, na kwako hakuna kinachotokea. Kwa mtumiaji wa lugha ya ishara hali hii inaumiza zaidi, maana hana simu ya sauti ya kukimbilia.

Ruta ya nyumbani hufanya kazi iitwayo NAT: vifaa vyote vya ndani vinatoka nje kwa anwani moja, na ruta inatunza jedwali la nani katoka, kaelekea wapi, kwa poti ipi (poti ni namba ya mlango ambao data inapitia). Ni kama mlinzi wa geti mwenye daftari. Aliyetoka akirudi anapita. Mgeni asiyeandikwa anabaki nje. Simu unayopiga wewe imeandikwa kwenye daftari. Unayopigiwa inakuja kama mgeni.

Ushauri unaotolewa haraka haraka ni "fungua poti". Kwa vifaa vingi hiyo ni hatua ya mwisho, na mara nyingi haihitajiki kabisa. Fuata mpangilio huu, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitano kwa pamoja halafu simu ikaita, hutajua kipi kilikuwa dawa.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba kosa ni la ruta

Anza na kifaa chenyewe. Angalia kama hali ya usisumbuliwe imewashwa, kama mpigaji yuko kwenye orodha ya waliozuiwa, na kama simu zinahamishiwa namba nyingine. Kisha fungua ukurasa wa hali ya akaunti uone kama imesajiliwa kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma inayounganisha simu); kwa kawaida utaona neno "Registered". Kama halipo, na kifaa chako ni cha kujisajili kwenye seva (hatua ya 2 inaeleza), acha somo hili kwa sasa urekebishe jina la mtumiaji, nenosiri na anwani ya seva.

Sasa jaribio lenye thamani kuliko yote: washa hotspoti kwenye simu ya mkononi, unganisha kifaa hapo, halafu mtu aliye mbali akupigie. Mpigaji asiwe kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwako, kwa sababu ruta nyingi haziwezi kugeuza pakiti (kipande cha data) iliyotoka ndani ikarudi ndani, na utapata jibu la uongo.

Ikiita kwenye hotspoti, umejua mambo mawili. La kwanza, kifaa na akaunti ni vizima. La pili, ambalo wengi hawalioni: hotspoti nayo ni NAT, na hakuna poti uliyofungua huko. Kwa hiyo kifaa chako hakihitaji poti kufunguliwa. Ruta yako inaharibu kitu, na mshukiwa yuko hatua ya 4 au ya 5.

Hatua ya 2: Jua kifaa chako kinapigiwa kwa njia gani

Kuna vinavyojisajili kwenye seva ya huduma, kwa kawaida kwa itifaki ya SIP (kanuni za kuita na kupokea simu kwenye intaneti). Hivi vinatoka vyenyewe kwenda kwa seva, na simu zinarudi kupitia njia hiyo hiyo. Na kuna vinavyopigiwa moja kwa moja kwa anwani ya IP, hasa vile vya itifaki ya H.323 visivyo na seva katikati. Aina hii ya pili ndiyo inayodai poti wazi na anwani halisi ya intaneti.

Hatua ya 3: Hesabu una NAT ngapi

Ingia kwenye ruta kupitia kivinjari. Anwani yake mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; kwenye Windows andika ipconfig usome mstari wa "Default Gateway". Tafuta ukurasa wa hali ya mtandao uone anwani ya IP ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako, ulinganishe.

Zikifanana, una NAT moja. Zikitofautiana, tazama anwani ya WAN inaanzaje. Ikianza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, kwa kawaida kuna ruta nyingine mbele yako, mara nyingi modemu ya kampuni ya intaneti inayofanya kazi ya ruta pia. Weka modemu hiyo kwenye hali ya daraja (bridge), ipitishe tu bila kufanya NAT, au ruta yako uigeuze kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo hata ufungue poti mchana kutwa, hakuna simu itakayoingia kupitia hizo poti, kwa sababu mlango wa nje hauko mikononi mwako. Wengine hutumia anwani za 10 kwa kazi hiyo hiyo, kwa hiyo kama huna ruta ya pili nyumbani na bado unaona 10, jibu ni hilo hilo. Omba anwani ya IP ya umma, au baki na kifaa kinachojisajili kwenye seva, ambacho kinaweza kuishi na hali hii.

Hatua ya 4: Zima SIP ALG

Ruta nyingi zina kipengele kinachosoma ujumbe wa SIP unaopita na kubadilisha anwani zilizomo, kwa nia ya kusaidia. Tatizo ni kwamba vifaa vya kisasa na seva zao vimeshajipanga kushughulika na NAT. Ruta ikiandika juu ya kazi hiyo, seva inabaki na anwani au poti isiyo sahihi, na inakutafuta mahali usipokuwepo.

Jina la kipengele linabadilika: "SIP ALG", "SIP Helper", wakati mwingine "SIP Passthrough". Tafuta kwenye menyu ya NAT, ya faiawoli au ya WAN. Kwenye MikroTik kipo IP, kisha Firewall, kisha Service Ports. Kizime, hifadhi, halafu zima ruta na simu ya video, zote mbili, na uwashe ruta kwanza. Usiruke hapo: maingizo ya zamani hubaki kwenye jedwali la ruta, na usajili wa zamani hubaki kwenye seva.

Kama ruta haina swichi hiyo, kuna njia mbili za kuikwepa. Badilisha usafirishaji wa SIP kwenye kifaa uwe TLS, kawaida poti 5061. Ujumbe ukifungwa kwa siri, ruta haina cha kusoma wala kubadilisha. Kama huduma haikubali TLS, badilisha poti ya ndani ya kifaa kutoka 5060 iwe nyingine, mfano 5072. ALG nyingi huangalia 5060 tu, ingawa zile zinazotazama poti ya seva hazitakwepeka kwa njia hii. Usichanganye na poti ya seva: hiyo iache kama ulivyopewa.

Hatua ya 5: Jaribio la dakika tano

Piga simu kwenda nje, kata, na mara hiyo hiyo mtu akupigie. Kisha acha kifaa bila kukigusa kwa dakika tano, akupigie tena. Ikiita mara ya kwanza na kukataa mara ya pili, umeshika mwizi: ruta inafuta njia yako kwenye jedwali kabla kifaa hakijaihuisha.

Sababu ni hii. Njia ya UDP (utumaji wa pakiti usiosubiri uthibitisho kwamba zimefika, tofauti na TCP) isiyopitisha kitu hufutwa baada ya muda mfupi; kwenye baadhi ya ruta ni sekunde 30 tu. Kifaa nacho huenda kinajisajili upya kila sekunde 3600. Katikati hapo kuna karibu saa nzima ambayo seva inaamini upo, na ruta imeshakusahau.

Kwenye kifaa tafuta "Keep-alive" au "NAT keep-alive", iwashe, weka sekunde 20. Kama haipo, punguza muda wa usajili, mfano sekunde 60 hadi 120, ingawa baadhi ya seva zina kima cha chini na zitakurudishia muda wanaoutaka wenyewe. Kama ruta inaruhusu, pandisha muda wa UDP ufike sekunde 300. Kuhamia TCP au TLS husaidia pia, kwa sababu ruta huvumilia njia za TCP kwa muda mrefu zaidi.

Wengi watakuwa wamepona kufikia hapa.

Hatua ya 6: Poti, kwa wanaozihitaji

Kwanza kipe kifaa anwani ya ndani isiyobadilika. Tumia hifadhi ya DHCP (kazi ya ruta ya kugawa anwani) ndani ya ruta: chagua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, kipe mfano 192.168.1.50. Bila hivyo, siku umeme ukikatika kifaa kinaweza kurudi na anwani nyingine, na poti zikawa zinaelekea kwenye runinga.

Kisha nenda "Port Forwarding" au "Virtual Server". Kwa H.323 elekeza TCP 1720 kwenda kwenye kifaa. Kwa SIP ya moja kwa moja, UDP na TCP 5060. Hizo ni za kuita tu. Sauti na picha hupita kwenye poti nyingine, na simu moja ya video hula poti nne za UDP: mbili za sauti, mbili za picha, kwa sababu kila mkondo una poti yake na nyingine ya taarifa za udhibiti. Masafa kamili ya poti (ya kuanzia hadi ya mwisho) yako kwenye mwongozo wa kifaa, na H.323 huwa inataka na TCP kadhaa za ziada. Yaweke yale yale kwenye kifaa na kwenye ruta. Mwisho, kwenye kifaa andika anwani yako ya nje sehemu ya NAT, la sivyo kitawatangazia watu 192.168.1.50, ambayo nje haina maana yoyote.

DMZ (mpangilio wa ruta unaoelekeza poti zote kwa kifaa kimoja) itumie kwa dakika chache za kujaribu tu. Simu ikiita ndani ya DMZ na isiite kwenye poti ulizoelekeza, umesahau poti fulani. Ukishajua, izime.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shukrani kwa somo mkuu. Kwangu sasa inaita na napokea, picha inakuja, lakini kila simu inakata baada ya nusu dakika hivi. Ni bando?

Jibu: Siyo bando. Hesabu kwa saa. Ikiwa ni sekunde 32 kila mara, ni SIP. Ukipokea, kifaa chako hutuma jibu la kukubali na kusubiri uthibitisho wa upande wa pili. Usipofika, kinarudia rudia hadi sekunde 32 kisha kinakata. Uthibitisho unapotea kwa sababu kifaa kimetangaza anwani isiyofikika. Rudi hatua ya 4, na kama kifaa kina STUN (njia ya kifaa kuiuliza seva anwani yake ya nje), iwashe. Ingekuwa inakata dakika ya 15 au ya 30, ningetazama kipima muda cha kikao (session timer).

Swali: Mimi wananiona, mimi siwaoni. Kioo cheusi.

Jibu: Maana yake pakiti zako zinatoka, zao hazikufikii. Kama kifaa ni cha seva, ni ALG au STUN. Kama ni cha moja kwa moja, masafa ya UDP hayajaelekezwa yote. Mara nyingi mtu ameweka mbili za sauti akasahau za picha. Kama ingekuwa kinyume, wewe unawaona na wao hawakuoni, anza na upande wao, kisha pima kasi yako ya kupakia.

Swali: Simu za sauti zinaingia bila shida, za video haziiti kabisa, na akaunti ni ile ile. Inawezekanaje?

Jibu: Ukubwa wa ujumbe. Mwaliko wa simu ya video umebeba orodha ndefu ya miundo ya picha, na unaweza kuzidi baiti 1500 ambazo mtandao wa kawaida hubeba kwa pakiti moja. Kwenye UDP unakatwa vipande, na baadhi ya ruta hutupa vipande hivyo. Ule wa sauti ni mdogo, unapita. Hamishia SIP kwenye TCP. Kama haiwezekani, zima miundo usiyotumia, ubaki na H.264 na mmoja au miwili ya sauti. Ila kwa mwaliko unaoingia, anayepaswa kupunguza ni upande unaotuma.

Swali: Tangu nifungue 5060 napigiwa usiku na namba kama 100 au 1001. Nikipokea hakuna mtu. Taa ya kuashiria simu inawaka hadi alfajiri.

Jibu: Hizo ni programu zinazozunguka intaneti kutafuta poti 5060 zilizo wazi. Kama kifaa chako kinajisajili kwenye seva, ondoa uelekezaji huo leo hii, hukuuhitaji. Kama unauhitaji, weka sharti kwenye faiawoli kwamba poti hiyo ikubali anwani za watu au seva unazozijua tu. Pia weka nenosiri kwenye ukurasa wa mipangilio wa kifaa.

Swali: Kwangu simu nazikuta kwenye orodha ya zilizokosekana, lakini taa haiwaki, na mimi ni kiziwi.

Jibu: Usiguse ruta. Simu ikiandikwa kama iliyokosekana kwenye kifaa chenyewe, imefika. Angalia waya au muunganisho wa taa, kisha mpangilio wa mlio na mwanga ndani ya kifaa. Hakikisha tu orodha hiyo ni ya kifaa na si ya seva, maana baadhi ya huduma hukuletea orodha ya seva hata kwa simu ambazo hazikukufikia.

Swali: Nimeongeza kirudishi cha Wi-Fi sebuleni na tatizo limerudi.

Jibu: Tazama anwani ambayo simu ya video imepewa. Kama ruta ni 192.168.1.1 na kifaa kina 192.168.8.20, kirudishi kinafanya NAT yake. Kigeuze kiwe kituo cha Wi-Fi, ruta kuu ibaki ndiyo pekee inayogawa anwani. Angalia pia usije ukawa umeunganisha kifaa kwenye mtandao wa wageni.