Kumuandaa mtoto kwa kambi ya likizo ya Agosti

Wazazi wenzangu, kama mtoto hajawahi kulala nje ya nyumbani usianze na kambi ya wiki nzima, mpeleke kwanza kwa shangazi yake siku mbili umuone anavyokaa. Kabla ya kulipa uliza nani analala na watoto usiku na nani anajua huduma ya kwanza, wakikuzungusha achana nao kabisa. Kama ni Naivasha, Agosti usiku kuna baridi, weka sweta mbili, soksi, tochi, simu ibaki nyumbani. Na begi apange mwenyewe! Wangu alirudi anakunja blanketi kona kwa kona bila kuambiwa, anafua soksi zake, na alikuwa mtoto wa kunong'ona tu, sasa anasalimia wageni kwa sauti, nilifurahi sana jamani.