Bao kwa mkono uliopooza: namna ya kulitumia nyumbani baada ya kiharusi

Katika nyumba nyingi, mgonjwa wa kiharusi hupewa mpira mdogo auminye kutwa. Afadhali wapewe watoto wauchezee. Mkono uliopooza ukianza kurudi, mara nyingi hurudi na nguvu ya kufumba. Kinachokosekana ni kufumbua. Kuminya mpira kunafanyia zoezi kufumba kule kule, si kufumbua. Bao linadai kinyume chake: okota kete, zibebe kiganjani, kisha achia moja moja, shimo kwa shimo. Tena mtu anayechoka na "zoezi" baada ya mara kumi atacheza bao nusu saa na kudai marudiano. Mkono hurudi kwa marudio, na marudio huja kirahisi palipo na mshindani.

Maelekezo haya ni kwa mgonjwa aliyekwisha ruhusiwa hospitali, anayekaa kitini bila kushikiliwa, na ambaye mtaalamu wa fiziotherapia amemwona. Pima presha kwanza. Ikifika 180 juu au 110 chini, siku hiyo hakuna mchezo. Wasiliana na kituo cha afya.

Barazani au mkekani hapafai kwa sasa, maana akikaa chini kuinuka ni kazi na kuanguka ni rahisi. Tafuta kiti chenye mgongo, kisicho na magurudumu, cha kimo cha sentimita 45 hivi, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Meza iwe usawa wa kiwiko, na mkono dhaifu ulale juu yake kuanzia kiwiko. Ukiachwa unaning'inia, uzito wake hulivuta bega kutoka mahali pake, na maumivu ya bega yakishaingia ni magumu kuyatoa. Kwa sababu hiyo hiyo, asiinuliwe kwa kuvutwa mkono wala kushikwa kwapani, na ile kamba ya kapi ya kuvutia mkono juu iondolewe.

Kosa linalopita bila kuonekana ni la kifua. Kiwiko kikikataa kunyooka, mgonjwa huinama mbele kwa kiwiliwili kizima, na watazamaji hushangilia kwamba mkono umefika. Haukufika, kilichosafiri ni kifua. Pitisha kanga kifuani, chini ya kwapa, uizungushe nyuma ya mgongo wa kiti. Iwe legevu kiasi cha kupumua vizuri, ifunguke kwa mvuto mmoja, na asiachwe peke yake akiwa nayo. Kisha lisogeze bao karibu mpaka aweze kulifikia bila kuinama.

Ikiwa vidole vimekaza, usivipanue kwa nguvu, kwani ukivivuta vinazidi kujifunga. Kunja kifundo cha mkono kwa upole kuelekea chini, toa kidole gumba nje, ndipo vidole vingine vitalegea.

Kwa wiki za mwanzo acha kete kabisa. Zile mbegu za mkomwe ni laini na zinateleza. Kata magunzi ya mahindi vipande vya sentimita tatu, ayahamishe kutoka sahani moja hadi nyingine, vipande 20, apumzike dakika mbili, arudie. Ikiwa hawezi kuachia kipande bila kukikung'uta, bado hajafika kwenye kete. Na ikiwa vidole havisogei hata kidogo, bao halitamsaidia kwa sasa. Arudi kwa mtaalamu.

Akiweza magunzi, anza bao lenyewe, na hapa kanuni za mchezo zinakupangia daraja bila wewe kuhangaika. Katika namu, yaani awamu ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji ana kete 22 mkononi na huingiza moja kila zamu. Ziweke zake kwenye bakuli pana upande wa mkono dhaifu: mkono huo uokote na kuingiza, mkono mzima usambaze, yaani ugawe kete shimo kwa shimo. Hiyo ni hadi mara 22 za kuokota na kuachia kwa mchezo mmoja. Kwenye mtaji, yaani awamu ya pili baada ya kete za mkononi kuisha, lazima abebe konzi ya kete na kuachia moja moja, jambo gumu zaidi, kwani gumba linasukuma huku vidole vingine vikishikilia. Mwanzoni ruhusu mkono dhaifu usambaze kete za mashimo yenye mbili au tatu tu. Zikimwagika zote katika shimo moja, punguza idadi, usimkemee.

Hilo la kukemea lina uzito. Bao bila maneno ya kejeli si bao, tunajua, lakini mgonjwa akiharakishwa mkono hukaza papo hapo. Mwenzake asubiri, na asimsaidie kumalizia kusambaza.

Wapo wanaosahau upande mmoja, hasa wa kushoto: wanaruka mashimo ya huko kana kwamba hayapo. Bandika utepe mwekundu kwenye ukingo huo wa bao, na kila zamu aanze kwa kuutafuta kwa macho.

Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinatosha kuanzia. Uchovu ni wa kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kichwa kuuma ghafla si ya kawaida, simamisha na umwite mhudumu wa afya. Mdomo ukipinda upya au maneno yakigoma, ni hospitali mara moja. Mwisho wa mchezo hesabu kete zote 64, hasa kama mgonjwa amechanganyikiwa au kuna mtoto anayetambaa.

Mguu nao unaweza kufaidika. Kabla ya kila mchezo asimame na kukaa mara tano, nyayo zikiwa nyuma kidogo ya magoti, pua ikitangulia mbele. Akiwa imara, peleka bao kwenye meza nzito iliyoegemea ukuta na acheze namu amesimama, kiti kikiwa nyuma yake na msaidizi upande dhaifu. Bakuli likiwa upande huo, kila kete itamlazimu kuuegemea mguu anaoukwepa.