Jinsi ya Kuainisha Hatari za Tolueni katika Karakana ya Rangi

Karakana za samani na za kupaka magari rangi mjini Arusha na Moshi hutumia tina, yaani kimiminika cha kuyeyusha na kupunguza uzito wa rangi, ambayo mara nyingi huwa na kemikali iitwayo tolueni, na anayeihifadhi anapaswa kuainisha hatari zake kabla ya kubandika lebo.

Anza na hatari ya moto. Katika karatasi ya usalama ya kemikali, tafuta joto la chini kabisa ambalo mvuke wake hushika moto ukikutana na cheche, pamoja na joto la kuchemka. Kwa mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, kimiminika ambacho mvuke wake hushika moto chini ya nyuzi 23 za Selsiasi huwa kundi la 1, lile la hatari kubwa zaidi, kikianza kuchemka kwa nyuzi 35 au chini yake, na kundi la 2 kikichemka juu ya hapo. Tolueni ina nyuzi 4 na 111, hivyo ni kundi la 2. Hata asubuhi ya baridi ya Julai mjini Arusha mvuke wake unaweza kulipuka.

Kisha pima kila hatari ya kiafya peke yake. Tolueni huwasha ngozi, hulevya, hudhuru neva kwa anayeivuta muda mrefu, na inashukiwa kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hatari ninayoiona ikipuuzwa zaidi ni ya kimiminika chenyewe kuingia mapafuni, ambayo ni kundi la 1: fundi anayenyonya tina kwa mpira anaweza kufa, na aliyeimeza asitapishwe kamwe, bali akimbizwe hospitalini.