Jinsi ya Kutambua Kazi ya Kitenzi katika Sentensi ya Kiingereza

Msomaji wa Kiswahili amezoea kitenzi kinachobeba karibu kila kitu: neno "atakinunua" linamtaja mtendaji, wakati na kitu kinachonunuliwa, ilhali Kiingereza huugawa mzigo huohuo kwa maneno manne, "she will buy it". Kwa hiyo anza kwa kulitafuta neno lililobeba wakati, na njia ya uhakika ni kuigeuza sentensi iwe swali.

Chukua "The teachers have bought new books". Swali lake ni "Have the teachers bought new books?", na neno lililoruka mbele ya kiima "the teachers", nalo ni "have", ndicho kitenzi kisaidizi kilichobeba wakati, "bought" ni kitenzi kikuu kinachotaja tendo. Sentensi isiyo na kisaidizi, kama "The girl sells fish", huazima "do" inapoulizwa au kukanushwa: "Does the girl sell fish?" Tazama kwa makini kwamba ile "s" imehamia kwenye "does" na kuiacha "sell" tupu. "Be" peke yake haihitaji kuazima, kwa maana "She is ill" huwa "Is she ill?"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo: katika kishazi cha Kiingereza, yaani kundi la maneno lenye kiima na kitenzi chake, wakati hubebwa mara moja tu, na kitenzi cha kwanza. Sisi husema "alikuwa anauza", vitenzi vyote viwili vikiwa na viambishi vyake, na naamini mazoea hayo ndiyo yanayozaa makosa kama "did he went".

Vitenzi vikiwa vingi, kila kimoja huamua umbo la kinachokifuata. Katika "The fish may have been sold", "may" hudai umbo la msingi "have", "have" hudai "been", nayo "been" ikifuatwa na "sold" hutuonyesha kwamba samaki huenda wameuzwa, wala si wao waliouza.

Baada ya hapo, uliza kitenzi kikuu kinadai nini nyuma yake. "Sleep" hujitosheleza, "buy" kwa kawaida hudai kitu kinachonunuliwa, "put" hudai kitu pamoja na mahali, hivyo "I put the book" haijakamilika mpaka uongeze "on the table". Na kwa kuwa Kiingereza hakina kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi, kama "-ki-" ya "atakinunua" inayosimama badala ya kitu kinachotendwa, anayeulizwa kitabu kiko wapi hujibu "I put it on the table", wala hawezi kuiacha "it".