Ramani Imeshaonya, na Wewe Bado Unangoja Kondoo Watupe Mimba

Simu ninazopigiwa kuhusu Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu kwa mifugo na watu, huja zimechelewa, na karibu zote husema jambo moja: kondoo wametupa mimba usiku, daktari njoo na chanjo. Wafugaji wenzangu wa Garissa, Tana River na Baringo, hapo chanjo ni hatari. Sindano iliyomchoma mnyama ambaye virusi tayari vimo kwenye damu yake ikimchoma na mwenzake, umemwambukiza mwenyewe, tena kwa pesa yako. Hata kama kila mnyama atapata sindano yake, kinga haijengeki kwa siku moja.

Wakati wa kuchanja ni pale ramani ya hatari inayochorwa kwa vipimo vya setilaiti inapoonya, mbuga zingali kavu na zina vumbi.

Setilaiti haioni mbu wala kirusi. Inapima joto la bahari, mawingu ya mvua na ukijani wa ardhi. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kupita kawaida wakati mmoja na Pasifiki, mvua za Oktoba hadi Desemba huwa za gharika. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba kwa kuunganisha vipimo hivi mlipuko ungeweza kujulikana hadi miezi 5 kabla. Onyo la 2006 lilitangulia mlipuko kwa wiki 2 hadi 6 tu. Kati ya mwisho wa Novemba 2006 na Machi 2007, watu 684 waliugua Kenya na 155 wakafa, mbali na mifugo. Wiki 2 hazitoshi kuagiza chanjo, kukusanya mbuzi waliotawanyika malishoni na kungoja kinga.

Kuna kosa dogo linalozaa hili kubwa. Mfugaji anaonyeshwa ramani, anaona kijani kimekolea mahali penye ukame kila mwaka, anafurahi kwamba malisho yamepatikana na kuhamishia kundi huko. Kijani hicho ndicho onyo! Mayai ya mbu wa Aedes hukaa kwenye udongo mkavu wa mabonde kwa miaka, mengine yakiwa na kirusi yalichorithi kutoka kwa mama. Maji yakituama siku 10 hadi 15 mfululizo, mbu wanatoka. Madimbwi yakidumu, mbu wengine huzaliana humohumo na kusambaza ugonjwa mbali zaidi.

Sasa shikeni tarehe. Tahadhari ya mvua kubwa ikitoka katikati ya mwaka, chanjeni Agosti, na msivuke katikati ya Septemba. Acheni angalau wiki 3 kati ya sindano na mvua ya kwanza. Chanjo hai ya zamani (yenye kirusi kilichodhoofishwa), ile ya Smithburn, hudungwa chini ya ngozi, na mnyama mwenye mimba hapewi kabisa, kwa sababu yenyewe inaweza kumfanya aitupe. Kondoo hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo tenga madume mapema na uwarudishe wiki 4 baada ya kuchanja. Nimechoka kuambiwa "sikujua kama ana mimba" na mtu aliyemwachia dume mwaka mzima.

Chanjo ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka mlangoni mwa boma. Ikishachanganywa, imalizeni ndani ya saa moja. Inayobaki haitunzwi ya kesho. Sindano moja, mnyama mmoja. Hili silijadili.

Mkifanya hivyo, mvua itapita na wana-kondoo watazaliwa wazima.

Mnyama akiugua, nipeni mahali alipolisha wiki mbili zilizopita, si jina la soko lililo karibu nanyi. Simu nyingi sasa hutoa namba za mahali; simama penye dimbwi lenyewe uzisome. Nukta ikiwekwa sokoni, kilomita 20 kutoka bondeni, ramani ya mwaka ujao itaonya watu wasiohusika.

Vikundi vinavyotaka chanjo vilete hesabu ya mifugo, majike wenye mimba wakitajwa peke yao, kabla Julai haijaisha.