Ratiba ya mboga inayofuata mwezi, kutoka jikoni kwangu Kigoma

Nilipoanza kupanga chakula cha nyumbani niliandika kila siku na mlo wake, nikabandika karatasi ukutani. Jumatano: dagaa wabichi. Jumatano ikafika, mbalamwezi inawaka usiku kucha, na soko la Mwanga dagaa wa kuhesabu. Nikanunua kwa sababu karatasi imesema. Fungu lile lilimeza hela ya mboga ya siku mbili. Karatasi niliwashia jiko.

Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kwanza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi mingi inalala ufukweni na bei inapanda. Mimi natumia kalenda yenye tarehe za Kiislamu: kuanzia kama tarehe 10 hadi 20 najua dagaa ni wa shida. Siku za giza, mwezi unapoandama, ndizo za kununua.

Hatua ya 2: Wakati wa giza, nunua wa kula na wa kuanika. Wahi Kibirizi alfajiri, boti zinapoingia. Beseni zima ni kubwa kwa nyumba moja, kwa hiyo nachanga na jirani tunagawana. Anika kwenye chanja au turubai safi. Wa kuanikwa mchangani utawaosha maji matatu na meno bado yatasaga mchanga. Wakikunjwa wakavunjika, wamekauka. Ndoo yenye mfuniko inatosha.

Hatua ya 3: Andika makundi, usiandike siku. Wiki yangu ina samaki mara tatu, maharage mara mbili, majani mara moja (kisamvu, matembele au lengalenga), na siku moja iko wazi kwa mgeni au kwa kiporo. Lipi liwe leo, soko litaniambia. Hela ya mboga ya kila siku haibadiliki: kinachobaki wakati wa giza kinawekwa, ndicho kinachonunua maharage ya Kasulu mbalamwezi ikiingia.

Ugali sina mengi. Unga wa muhogo ukishuka bei nauongeza kwenye sembe, basi.

Hatua ya 4: Chemsha maharage mara moja, kula siku mbili. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwa chumvi tu. Mkaa ndiyo unaokula hela hapa, si maharage. Toa ya leo, unga kwa kitunguu na mawese. Mengine yaache hivyo hivyo, maana yakishatiwa nyanya au nazi huchacha upesi. Kama huna friji, yachemshe tena usiku na asubuhi, na siku ya pili yaishe. Siku hiyo mimi hutupia konzi ya dagaa wakavu waliokaangwa bila mafuta, na hakuna mtoto anayeuliza kwa nini maharage tena.

Hatua ya 5: Weka akiba ya ziwa kufungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Giza la miezi hiyo halikuleta kitu. Akiba ya namna hiyo anza kuijaza Machi, kidogo kidogo kila mwezi unapoandama. Usingoje Aprili ujaze kwa mara moja: msimu huo jua la huku ni la kuvizia kati ya mvua na mvua, na dagaa wasiokauka vizuri wataoza wote ndooni.