Daktari, kabla hujamkabidhi bodaboda chapa ya vipandikizi

Mimi ni fundi sanifu wa meno, maabara yetu iko Upanga. Swali ninaloulizwa kila wiki ni hili: chapa, yaani nakala ya mdomo ninayotengenezea meno, niichukue kwa trei yenye nyenzo laini inayoganda au kwa skana ya mdomoni? Nami huuliza kwanza: vipandikizi, yaani mizizi bandia iliyopandikizwa kwenye mfupa wa taya, ni vingapi, vimeachana vipi?

Jino la asili limeshikwa na utando, hucheza maikroni 25 hadi 100 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kipandikizi kimegandana na mfupa, hakichezi zaidi ya maikroni chache. Kwa hiyo kosa dogo la chapa huishia kwenye skrubu inayoshikilia meno juu ya kipandikizi, ikalegea au ikakatika.

Kikiwa kimoja, au viwili jirani, tumia skana bila wasiwasi. Kausha mate, kaza kidude cha kuskania juu ya kipandikizi, kisha piga eksirei. Kikikaa kombo, skana hainusi kosa. Italinakili kama lilivyo.

Taya zima lisilo na jino ni habari nyingine. Skana huunga picha ndogondogo, na kwenye fizi laini haina pa kujishikiza, hivyo makosa hujilimbikiza kutoka gego la kushoto hadi la kulia. Hapo mimi bado nataka trei ya wazi, yenye matundu juu. Siku moja kabla, unganisha vishikio vya chapa, vile vinavyofungwa juu ya vipandikizi, kwa resini (plastiki inayoganda) juu ya modeli ya awali ya mdomo, kwa sababu resini husinyaa, hasa katika saa 24 za mwanzo. Kesho yake ikate kati ya kila vishikio viwili, vifunge mdomoni, kisha uzibe mianya hiyo kwa resini kidogo sana. Usiharakishe hatua hii, tafadhali.

Silikoni ya kuchukulia chapa isikandwe kwa glavu za mpira wa lateksi, haitaganda vizuri. Joto la Februari huifanya igande upesi, iweke kwenye kiyoyozi. Chapa ya polietha, nyenzo nyingine ya kuchukulia chapa, usiifunge kitambaa kibichi, hunywa maji.

Mwaka jana daraja, yaani meno yaliyounganishwa, la vipandikizi vitano lilirudi kwangu mara mbili. Mama wa watu alipanda daladala kutoka Mbagala kila mara, akarudi bila meno. Iliniuma. Tangu hapo, kabla ya kugusa chuma, natuma kwanza ufito wa plasta uliotengenezwa kwenye modeli. Plasta haipindi. Ufunge mdomoni, kaza skrubu mojamoja. Ukipasuka, modeli ina kosa: nipigie mgonjwa akiwa bado kitini, tuchukue chapa upya.